Jani la Isale Bustanini Shirimatunda

Kicheko cha Yuditha kilimfikia Basili akiwa bado ananawa mikono bombani, nyuma ya miche ya maua ya kuuza. Alikijua. Ni kile cha kutoka tumboni, ambacho yeye alikitafuta miezi mingi ndipo akakipata. Leo nani kakipata bila jasho?

Aliporudi mezani, kitini pake pamekaliwa. Sirili! Yule aliyemchumbia Yuditha zamani, akashuka Dar kuuza nguo za Dubai, akapotea bila hata salamu. Miwani ya jua utosini, na manukato yake yamefunika harufu ya mtori.

"Karibu, shemeji," Sirili alisema bila kuinuka.

"Shemeji wa nani? Hicho kiti ni changu."

"Basili, vuta kingine, mtori unapoa," Yuditha alisema.

Hakuvuta. Akasimama palepale, akamwona Sirili akitoa mfukoni jani la isale lililofungwa fundo, lile la Wachaga la kuombea msamaha, akampa Yuditha kwa mikono miwili.

"Nilikukosea. Nisamehe."

Yuditha akalipokea.

Moto ukampanda Basili. "Amekutupa kama ganda la ndizi, leo kwa jani moja umelainika! Kumbe wewe ni rahisi kuliko hii miche!"

Watu wa meza za jirani wakageuza shingo. Sirili akaaga kwa sauti ndogo, akaondoka. Yuditha akavuta mkoba wake, akainuka.

"Wewe ni Mchaga wa wapi? Isale linakataliwa? Babu yangu alilipokea kwa mtu aliyemuulia ng'ombe. Sirili nimemsamehe, sijamrudia. Wewe uliyenitukana mbele za watu ndiye sijui kama nitakurudia."

Basili akageuka. Kando ya njia masale yalipangwa kwenye makopo, yakiuzwa kwa wageni kama maua. Akavunja jani.

"Mangi, hayo ni ya kuuza!" mama mwenye bustani alipiga kelele.

"Nitalipa, mama!"

Akafunga fundo. Goti lilikataa kupinda mbele ya Yuditha, akalilazimisha, akamnyooshea jani kwa mikono miwili.

Yuditha alilitazama lile jani, kisha akalipokea. "Isale linaniamuru nisamehe. Haliniamuru niolewe."

"Najua."

"Basi sema neno la kunikalisha hapa."

Basili akainuka. Manukato ya yule mtu bado yaling'ang'ania kitini.

"Nakuahidi, Yuditha, na meza zote zisikie. Siku ya harusi yetu Sirili akija, kiti nitamvutia kwa mkono wangu mwenyewe. Lakini kisiwe changu!"