Vitambaa Visivyonuka Divai

...na leo wanasali mbiombio, wanakimbilia nini, au wameshanusa jambo, Bibi Laurensia akawaza, kidole gumba kikisukuma punje ya tatu ya rozari, Salamu Maria umejaa neema, sauti ya Monica mwenyekiti wa jumuiya ikitangulia kule kwenye kigoda na wengine wakiipokea kutoka kwenye mikeka, watu kumi na watatu uani kwake hapa Mbwawa, Jumamosi asubuhi, umande bado uko kwenye majani ya mihogo, tendo la tano la furaha, Maria anamkuta Yesu hekaluni, na likiisha hili yatakuja maombi, yatakuja matangazo, halafu Monica atasema kama anavyosema kila wiki, haya wapendwa, mengineyo, na kwenye mengineyo ndipo yeye Laurensia atasimama, magoti yatake yasitake, atakitoa kitambaa alichokifunga kwenye pindo la kanga, atakinyanyua wakione wote, atauliza, nani kati yenu anavifua vitambaa vya altare kabla havijafika kwangu, na atamtazama Yosefina, hatamtazama mwingine, aone atalipeleka wapi lile jicho lake la upole, mke wa mwalimu, mtoto wa juzi, ameingia jumuiya hii hata miaka minne haijatimia na tayari ana ufunguo wa sakristia, chumba cha vyombo vya misa... Maria Mtakatifu Mama wa Mungu, akaitikia, nusu ya neno mdomoni nusu limebaki kooni. Maana miaka kumi na tisa si mchezo. Kumi na tisa anavifua vitambaa vile, vidogo vya kufutia kikombe cha misa na kile kipana kinachotandikwa chini yake, tangu marehemu mumewe Bernard yuko hai, katekista wa kigango, kanisa dogo la hapa, anapanda baiskeli kutoka hapa hadi Gwata kufundisha watoto wa komunio na kurudi na vumbi mpaka kwenye kope, yeye Bernard alikuwa na maneno na Laurensia alikuwa na mikono, ndivyo walivyogawana, kusoma kwake ni kwa kuungaunga, kwaya walimtoa siku nyingi kwa sauti ya debe, sasa imebaki nini, imebaki beseni, imebaki sabuni ya mche na pasi ya mkaa, wakimtoa na hapo atakuwa nani katika jumuiya hii, atakuwa wa kutembelewa, ataandikwa kwenye ile orodha ya Monica ya wagonjwa na wazee, watakuja na sukari nusu kilo na wimbo mmoja, watakaa robo saa, wataondoka wanamsema njiani, anajua, yeye mwenyewe amekwenda kwa wangapi na amewasema njiani wangapi. Punje ya nne, umejaa neema, Bwana yu nawe, na pua haimdanganyi, macho sawa, macho yana ukungu wake na hilo ni lake na Mungu, lakini pua ni ile ile, kitambaa cha kikombe kinanuka divai, hata ikikauka siku mbili inanuka, harufu ya uchachu na ya tunda lililolala, miaka yote ukifungua kikapu cha ukindu inakupiga usoni kabla hujashika kitu, na tangu Pasaka hakuna, tangu Pasaka anafungua kikapu anakutana na harufu ya maua, sabuni ya unga ya dukani, na sabuni hiyo nani anaifulia hapa Mbwawa nguo zote mpaka matambara ya kudekia, Yosefina. Sasa kwa nini mtu akufulie halafu akuletee ufue, kama si kukudharau, au kuogopa mkono wako... na hapo ndipo punje ilipomteleza, palepale kwenye mkeka, mzao wa tumbo lako, kwa sababu huenda wamejua habari ya Mzenga. Alikwenda Mzenga mwezi wa pili, kwao alikozaliwa, Kisarawe ndani huko, akawaambia jumuiya anakwenda msibani na msiba wenyewe haukuwapo, alikwenda kwa Bi Kudra anayetia watu dawa ya majani kwenye macho, matone mawili jicho hili mawili jicho hili, hakuna tunguri hapo wala kitambaa chekundu, majani tu, lakini nenda ukaelezee watu wa jumuiya, watasema Bibi Laurensia amekwenda kwa mganga halafu anashika vitambaa vya Ekaristi, na nani angeweza kuwaambia, Siwema, jirani yake Siwema alimsindikiza, ni Siwema huyo huyo wa tangu utoto, msikiti wake na kanisa lake havijawahi kuwagombanisha, lakini mdomo wa Siwema unajulikana, asubuhi ukimwambia kitu, mchana unakikuta bombani kimeshapata watoto... Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu, utuombee sisi wakosefu, mzee Wilbrod amekohoa, huyu naye akikohoa ana maana yake, siku ile ya Pasaka pia alikohoa. Punje ya tano. Alikohoa wakati Padre anakitandika kile kitambaa kipana, Laurensia anakumbuka vizuri sana kwa sababu alikuwa amekaa benchi la mbele anasubiri kuona kazi yake, alikuwa amevifua kwa ajili ya Pasaka mara tatu, akavitia bluu ya kufulia viwe vyeupe pepepe, na havikumtosha weupe, akaongeza kijiko, bado akaviona kama vina manjano ya samli, akaongeza kingine, na Padre akakikunjua juu ya altare, akakitazama, akakigeuza upande wa pili, akakitazama tena, Wilbrod akakohoa, Monica akainamisha kichwa, mabega yanamtikisika, yeye akadhani Monica analia kwa Ufufuko, akamsifu moyoni kwa mara ya kwanza na ya mwisho, na baada ya misa alipoingia sakristia Monica na Yosefina walikuwa wanasema jambo na wakaliacha hewani, Tumsifu Yesu Kristo, Bibi, milele amina, Bibi pumzika, akasema Yosefina, kuanzia sasa usihangaike kuja kuchukua kikapu mwenyewe, mimi nitakuletea nyumbani, Jumanne hivi. Jumanne. Misa Jumapili, kikapu Jumanne, Jumatatu yote kikapu kiko wapi, kinatembea Kibaha nzima kinatafuta shamba, akacheka kidogo ndani kwa ndani na mdomo wake ukatamka saa ya kufa kwetu amina wakati wenzake bado wako kwa wakosefu, mama mmoja akageuka kumtazama, geuka mbele, usali. Punje ya sita, au ya saba, Monica sauti imeanza kukwaruza, Salamu Maria... na si hiyo tu, wiki ile ile Yosefina alikuja akapiga hodi, shikamoo Bibi, marahaba, Bibi naomba kopo lako la bluu niazime, mashati ya mwalimu yamefifia, haya chukua mwanangu, na kopo halikurudi mpaka leo, amedai mara mbili, Bibi nimesahau, Bibi limeisha nitakununulia, mtu mwenye sabuni ya unga ya maua anakosa bluu ya kununua, wezi wana sura nyingi, bluu ya watu, kikapu cha watu, kazi ya watu, halafu akarudi tena siku nyingine na ombi jingine, huyu mtoto kwa kuomba, Bibi naomba tawi la asumini yako nikapande pale kwangu, na Laurensia akamkatia huku anamcheka moyoni, akawaza mwalimu Yona ameanza kuchelewa kurudi nini, mpaka mke ajipambe maua kichwani... bluu. Kidole gumba kikasimama juu ya punje. Bluu aliichukua kwa nini. Siwema naye, siku ile kabla ya Pasaka, vitambaa viko kambani, Siwema alisimama penye ua akasema kwa ule utani wake, shoga yangu, mwaka huu kanisani kwenu mnavaa sare za shule, na yeye akamjibu toka hapa mchawi wewe, akacheka, hakuuliza sare gani, na sare za shule hapa kwao mashati ni ya bluu, yale ya watoto wa darasa la kwanza wanaopita hapa kila asubuhi, na manjano ya samli ile hakuiona kwenye vitambaa peke yake, sasa akiwaza aliiona na kwenye ukuta uliopakwa chokaa, aliiona kwenye maziwa, aliiona kwenye kanzu ya Padre, dunia nzima ina samli tangu mwaka jana, na Bi Kudra alimwambia wazi kule Mzenga, dada yangu hili ni mtoto wa jicho, majani yangu hayalitoi, nenda hospitali, naye akalinyamazia, akarudi, akafua, akatia bluu juu ya bluu juu ya bluu... Yesu wangu, alimtandikia Padre shati la darasa la kwanza altareni siku ya Pasaka. Na Padre akakitandaza vivyo hivyo, akaadhimisha. Na hakuna aliyemwambia, kigango kizima kimekaa na jambo lile miezi mitano, watu hawa, watu wasioweza kuficha hata mimba ya mwezi mmoja, kila aliponyamaziwa bombani walikuwa wananyamazia hilo, na uso ukamchoma kwa aibu, halafu ukamchoma kwa hasira, kwa hiyo wamemfanya mtoto mchanga, wanampa vyombo visafi aoshe, kama yeye alivyokuwa anampa mwanawe kikombe cha bati na maji ajione anasaidia, atasimama, sasa ndiyo atasimama hasa... na Yesu mzao wa tumbo lako, Maria Mtakatifu, midomo inakwenda yenyewe. Lakini maji ya kwanza. Kama Yosefina ndiye anayefua kwanza, maji yale ya kwanza anayamwaga wapi, maana Sista wa Kisarawe aliyemfundisha kazi hii zamani alimshika mkono akamwambia, maji ya kwanza, Laurensia, yamegusa Mwili na Damu ya Bwana, hayamwagwi chooni, hayamwagwi mferejini watu wanakopita, yanamwagwa kwenye udongo safi, kwenye mzizi wa kitu kinachoota, na yeye miaka yote ameyamwaga kwenye asumini ile pale, ukutani, ndiyo maana inachanua mpaka watu wanauliza, na mtoto wa sabuni ya unga atajuaje hayo, nani amemfundisha, atakuwa anayamwaga barabarani, Mungu atusamehe... na akakumbuka ni yeye aliyemfundisha. Mwaka juzi, Yosefina amekaa hapo hapo kwenye kizingiti na mimba yake ya miezi saba, miguu imevimba, anamenya mihogo, na Laurensia anafua na kusimulia kwa kujigamba kama kawaida yake, Sista alisema hivi, Sista alisema vile, kitu kinachoota, mwanangu, usije ukasahau hilo hata nikiwa kaburini, na Yosefina akasema sitasahau Bibi, akaendelea kumenya. Naomba tawi la asumini yako nikapande pale kwangu. Ilikuwa wiki ya pili baada ya Pasaka, kikapu kimeshaanza kuja Jumanne. Hakuvaa ua kichwani hata siku moja yule, akili yako Laurensia imekaa kwenye mambo ya wanaume tu. Punje ya tisa, na Monica bado anasema Salamu Maria kwa ile sauti ya kukwaruza, na mzee Wilbrod bado anakohoa, na umande bado upo, na kitambaa kiko palepale kwenye pindo, akakishika kwa juu ya kanga, akakivuta kidogo, akainamisha kichwa kama mtu aliyezama kwenye sala, akakinusa, maua, maua tu, hakuna chembe ya divai, akapitisha kidole kwenye upindo ambako doa hujificha, amesuuza huyu mtoto, amesuuza mara tatu, labda nne, kazi haina la kusema, ila kwenye kona ameacha sabuni kidogo, kona wanazisahau wote wakianza. Sasa atasemaje, akisimama akalifichua jambo hili wote watabaki uchi, yeye na wao, na asipolisema ataendelea kufua vilivyokwisha kufuliwa mpaka lini, na huenda si vitambaa tu, wali wa wiki ile ya mazishi ya mama Vailet walipompa achambue mchele, mbona haukuwa na jiwe hata moja, ehee, watu hawa, hebu atawachunguza vizuri, wamemficha mangapi... kwa hiyo hospitali, itabidi hospitali, na mtu wa kumshika mkono kwenye ngazi, na anayetaka kumshika mkono amekaa mkeka wa pili, yule pale, Yosefina, mgongo wake ameujua hata kwa ukungu huu. Punje ya kumi. Mwisho wa haya Monica atasema mengineyo, na yeye atasimama, hilo halijabadilika, magoti yatake yasitake, kitambaa kitabaki kwenye pindo na atamtazama Yosefina mbele ya wote, hatamtazama mwingine, na atamuuliza moja tu, mwanangu, ile asumini yangu uliyoipanda, imeshika mizizi... Maria Mtakatifu Mama wa Mungu, akaitikia, na safari hii hakumtangulia mtu, utuombee sisi wakosefu, sasa