Fundo la Mwenyekiti

Mwenyekiti wa kamati ya kulinda kasa alifika zahanati ya wanyama amevaa koti, na hotuba iko mfukoni. Kazi yake hasa ilikuwa kusuka nyavu, na kwa hilo hakuna aliyemfikia. Lakini tangu apewe uenyekiti, aliwakaripia wavuvi bila huruma. "Nyani haoni kundule," aliwaambia kila mkutano, na kila mara alicheka yeye kwanza. Hotuba ya leo ilidai jambo moja: mwenye wavu uliomnasa kasa huyu atajwe hadharani na kufukuzwa ufukweni.

Kasa alilazwa juu ya meza ya chuma, amefunikwa taulo la maji. Kipande cha wavu kilimkaza mkono wa mbele mpaka uzi ukazama kwenye nyama. Daktari, ambaye ni binti wa mwenyekiti mwenyewe, aliweka mkasi chini.

"Nikikata hapa nitakata na mshipa. Baba, hebu njoo uone hili fundo."

Akainama. Mizunguko mitatu, ncha imerudishwa ndani: fundo alilolibuni yeye, na alilifunga kwenye nyavu zake mwenyewe tu. Hata wanafunzi wake aliwatoa nje kabla ya kulifunga, wasije wakamwibia. Msimu uliopita wavu wake ulinasa mwambani, akakata kamba na kusema atarudi kesho kuunasua. Kesho yake wakaja wakwe. Kesho kutwa mgongo ukamuuma. Kisha ikaja kamati, akazidiwa na shughuli za kulinda kasa.

Angeweza kunyamaza. Wanakamati walijazana dirishani na hakuna hata mmoja aliyeshuku kitu. Lakini kasa alishusha pumzi moja nzito, ya kuchoka, na mzee wa watu akaona haya ambayo hakuwahi kuiona tangu azaliwe. Akavua koti. Akasukuma ncha kwa ukucha, akazungusha mara tatu kinyume, fundo likaachia.

"Mikono ya dhahabu hiyo!" katibu wa kamati alipaza sauti dirishani.

Binti hakushangilia. Fundo lile alilijua tangu anatambaa. "Mkono umeshakufa, baba," alisema taratibu. "Itabidi niukate. Lakini ataishi."

Mzee akapiga moyo konde, akageukia dirisha. "Jamani, wavu huu ni wangu. Niliuacha mimi baharini. Nitajeni mimi, nifukuzeni mimi."

Katibu akafuta machozi. "Mmemsikia? Huyo ndiye kiongozi! Anajitwika kosa la mtu mwingine ili mwenye wavu aone aibu!"

"Ni wangu kweli! Muulizeni binti yangu!"

"Ni wake," binti alisema.

"Maji hufuata mkondo!" katibu akajibu. "Na mtoto naye ana moyo uleule!"

Makofi yakalipuka. Palepale wakakubaliana aendelee na uenyekiti miaka mitatu mingine, na mtu mmoja akauliza kama hotuba ipo, isomwe.

Binti alikwisha kumchoma kasa sindano ya ganzi. Akamwita baba yake aje amshike. Mzee akamshika kwa mikono miwili, mkono ule ukakatwa mbele ya macho yake, na akalia kwa sauti bila kujali nani anamwona.

Dirishani wakampigia makofi tena.