Treni Kuzunguka Ndafu

Mzee Leodegar wa Kibosho na mkewe Veronika walikuwa wanakaribia kutimiza miaka hamsini ya ndoa. Watoto walishapanga misa, turubai na pombe ya mbege. Leodegar alitaka kitu kimoja tu: siku ya jubilei, injini yake ndogo ya shaba izunguke ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, mezani, wageni wote wakiona.

Injini yenyewe haikuzidi sana shubiri moja. Ilitengenezwa kwa mfano wa magarimoshi ya mvuke ambayo Leodegar aliyachochea moto ujanani, alipokuwa mfanyakazi wa reli. Alipewa na mgeni mmoja aliyekuja Moshi kupiga picha za stesheni. Hii ilitembea kwa umeme, na wiki mbili kabla ya sherehe ilitoa moshi wa kweli, ikanyamaza.

Akaifunga kwenye khanga, akateremka mjini hadi kibanda cha Salvina, fundi redio.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea mgonjwa."

Salvina alifungua, akanusa. "Mota imeungua. Ya namna hii hapa Moshi hatuipati."

Leodegar aliinama kama aliyepewa taarifa ya msiba. Salvina akamwonea huruma, akaanza kupekua ndoo yake ya vyuma. Akatoa mota ndogo iliyokuwa ikigeuza kioo cha pembeni cha gari lililogongwa. Akaipima kwa kidole: inaingia ndani ya tumbo la injini, tena bila kubana. Akaigandisha kwa gundi, na kuiunganisha na gia kwa kipande cha kimpira cha valvu ya baiskeli. Alipoiwashia umeme, magurudumu yakazunguka kimya kabisa.

"Huyo!" Leodegar akapiga makofi.

Jumamosi Salvina akapanda Kibosho kuijaribu. Reli zilikuwa zimepangwa mezani, na kwa kuwa meza ilikuwa nyembamba, kona zake zilikuwa kali mno. Injini ikaenda vizuri kwenye reli iliyonyooka, ikafika kwenye kona, ikaanguka. Wakaiweka tena. Ikaanguka tena.

"Gurudumu la katikati linapanda juu ya reli," Salvina alisema. "Halina nafasi ya kupinda."

Leodegar akacheka. "Ngoja! Injini moja niliyoifanyia kazi, magurudumu yake ya katikati hayakuwa na ukingo wa kushika reli. Bapa kabisa! Ndiyo maana iliziweza kona."

Salvina akachukua tupa, akasugua ukingo wa magurudumu mawili ya katikati mpaka ukaisha. Safari hii injini haikuanguka. Ila ilipofika katikati ya kona ikatoa cheche, ikasimama.

Salvina akalaza shavu mezani, akachungulia. Kigurudumu cha mbele kilikuwa kinagusa shaba ya injini kila kilipopinda, na hapo umeme ulipiga shoti. Akafungua pochi yake, akatoa rangi nyekundu ya kucha, akaanza kupaka shaba mahali palipoguswa ili rangi izuie umeme.

Veronika aliingia na chai, akawakuta wameinamia injini, Leodegar akiipulizia rangi ikauke.

"Miaka hamsini," Veronika alisema, "mimi hujawahi kunipulizia kucha hata siku moja."

Salvina alicheka mpaka kichupa kikamponyoka. Leodegar akavuta kiti, akamkalisha mkewe, akampaka kucha zote kumi, vibaya sana. Rangi ilipokauka wakawasha umeme, na injini ikapita kona zote nne bila kusita.

Siku ya jubilei, ndafu aliwekwa katikati ya meza akiwa na majani mdomoni, injini ikamzunguka ikivuta behewa lenye kipande cha ini. Padre alisimama kuangalia. Wajukuu waliokuja kutoka Dar wote walitoa simu kupiga picha.

"Nipe na mimi," Veronika alisema, akachukua swichi ya mwendo. Mara ya kwanza aliendesha taratibu. Mara ya nne alikoleza mwendo, injini ikaruka kwenye kona, ikatumbukia kwenye bakuli la kachumbari.

Turubai zima lilipasuka kwa vicheko. Salvina aliipangusa kwa leso, akaondoa kitunguu kwenye magurudumu, akairudisha relini. Ikaondoka kama kawaida.

Mkata ndafu alikuwa amesimama na kisu muda mrefu. "Mama, naweza kuanza?"

Veronika hakuinua macho. "Subiri kwanza. Treni inapita."

Leodegar akavuta kiti, akakaa kando ya mkewe. Ndafu alikuja kukatwa akiwa ameshapoa kabisa, na hakuna aliyelalamika.