Kitufe cha Chini Kabisa

Siku hiyo mvua iliamka kabla ya watu. Ilikuwa ile mvua ya msimu wa baridi, haina radi wala haraka, inanyesha tu mpaka inaingia kwenye mifupa. Lakini Fundi wa lifti alikuwa na mapumziko yake ya kwanza baada ya wiki tatu, na alishamwahidi binti yake kwamba watatoka. Na mtoto wa miaka minne ukishamwahidi, umekwisha.

"Baba, tunaenda?"

"Mvua hiyo, mwanangu."

"Mvua ni maji tu. Tunaenda?"

Nyumbani walimwita Bi Swali, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Mama yake alikuwa anafunga vifungo vya sare awahi zamu. Akacheka. "Mpeleke, baba. Usipompeleka utashinda unajibu maswali mpaka magharibi."

Basi wakatoka. Bi Swali alikuwa na mabuti mekundu ya mpira, koti la kumvuka magoti, na kofia iliyomfunika mpaka nyusi. Walisimama juu ya daraja wakatazama treni. Bi Swali alihesabu mabehewa mpaka kumi, akaona hayaishi, akaanza upya. Walikunywa chai ya moto kwenye kibanda, mvuke ukawapanda puani. Ilikuwa asubuhi nzuri, hata kwa mtu aliyelowa.

Saa tano simu ikalia. Alikuwa Koplo, mlinzi mzee wa jengo moja la ghorofa tisa pale mjini. Watu wote walimwita Koplo, ingawa jeshi yeye alilisikia redioni tu.

"Fundi, huku maji yameingia chini kwenye magari! Lifti ya kushoto inalia kama paka aliyekanyagwa. Bosi wako hapokei simu."

Fundi akamwangalia Bi Swali. Bi Swali akamwangalia yeye.

"Nusu saa tu, mama. Tunapita mahali, halafu tunarudi kwenye treni."

Nusu saa ya fundi tunaijua.

Jengo lilikuwa na lifti mbili zilizosimama bega kwa bega, na chini ya ardhi kulikuwa na maegesho ya magari. Fundi alishuka ngazi na tochi, akakuta maji yanafika kwenye vifundo vya miguu na bado yanaingia. Sheria ya kazi yao ni moja, na yeye mwenyewe huwafundisha vijana wapya: ukiona maji, zima lifti zote kwanza, maneno baadaye. Lakini alipopanda tu, akamkuta mama wa ghorofa ya saba amesimama na mifuko miwili ya sokoni.

"Fundi, usinifanyie hivyo. Magoti yangu haya sikuyanunua dukani kwamba nitapata mengine. Niachie hata moja!"

Huruma ikamwingia. Akasema haya, ya kulia aiache robo saa, akimaliza na ya kushoto ataizima. Mama wa ghorofa ya saba akapanda zake huku anamwombea dua.

Bi Swali akakalishwa kwenye kiti cha mlinzi, miguu inaning'inia.

"Kaa hapa na babu. Usinyanyuke."

"Nikinyanyuka?"

"Usinyanyuke."

"Na nikitaka kwenda nyumbani?"

"Nikirudi tutaenda," akasema Fundi, tayari yuko mlangoni mwa lifti.

Chumba cha mashine kilikuwa juu kabisa, kwenye paa. Mvua ilikuwa inapiga mabati bila kupumzika. Mashine mbili zilikaa humo zinanuka grisi, na chini ya kila moja kulikuwa na tundu sakafuni. Hapo ndipo zilipopita kamba za chuma kushuka giza la ghorofa tisa. Fundi akazima ya kushoto, akafunga kufuli lake. Alikuwa anafuta mikono simu ilipolia tena.

Koplo alikuwa anahema kama aliyefukuzwa na mbwa. "Fundi! Nilitoka kufungua geti, gari linapiga honi, dakika haikuisha! Mtoto kaingia lifti! Mlango umefunga mbele ya pua yangu!"

Pale pale mashine ya kulia ikanguruma.

Fundi alijua mtoto amebonyeza nini kabla hata hajafikiri. Wao wanakaa ghorofa ya chini kabisa ya jengo lao, na ni yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, aliyemfundisha: ukitaka nyumbani, bonyeza kitufe cha chini kabisa. Na ndicho pekee ambacho mkono wa mtoto unakifikia. Kwao, kitufe hicho kinakupeleka kwenye mlango wa bluu na harufu ya chakula. Hapa kilikuwa kinampeleka kwenye maji.

Mkono ukatangulia akili. Akavuta swichi kubwa, ile inayokata kila kitu. *Tak!* Mashine ikanyamaza.

Na alipoutoa mkono tu, akaona alichofanya. Pembeni ilikuwepo swichi ndogo ya mota peke yake. Angeizima hiyo, lifti ingesimama na taa ingebaki inawaka. Yeye kazima yote. Kamfungia mtoto wake gizani, katikati ya ghorofa ya chini na maegesho yaliyojaa maji.

Kupitia lile tundu la kamba, kutoka mbali sana, ikaja sauti.

"Babaaa!"

Fundi akapiga magoti, akaweka mdomo sakafuni. "Niko hapa! Nakusikia!"

"Giza!"

"Najua, mama. Kaa chini. Shika magoti yako."

"Kwa nini?"

Akashukuru kusikia hilo swali. "Lifti itaruka kidogo kidogo."

"Kama chura?"

"Kama chura."

Halafu: "Baba, kuna maji yanaongea huku chini."

Akanyakua simu. "Koplo, maji yamefika wapi?"

"Magotini, Fundi. Nimechungulia ngazini. Yanaingia kwa mlango wa lifti kama yamealikwa."

"Kaa hapo juu, mlango wa ghorofa ya chini. Weka sikio. Ukimsikia anakaribia, niambie. Usikate simu."

Kila kitu mwilini mwake kilitaka kukimbia kushuka kwa mtoto. Lakini kule chini angefanya nini? Angepiga mlango tu kama mgeni. Umeme hauwezi kurudishwa, maji na umeme haviishi nyumba moja. Lifti inaweza kupandishwa kwa mkono tu, kutoka hapa. Mchezo wake ni huu: upande wa pili wa kamba kuna lundo la vyuma, zito kuliko lifti tupu. Ukiachia breki, vyuma vinashuka na lifti inapanda yenyewe. Wangekuwa watu wazima wanane mle ndani, ingeshuka. Bi Swali alikuwa na kilo kumi na nne, pamoja na mabuti. Wepesi wake ndio ungempandisha.

Ila ukiachia breki muda mrefu, lifti inashika kasi, na ikishashika kasi, hata ukiiomba haisimami.

Akashika mkono wa breki kwa mikono miwili. Kwenye kamba kulikuwa na alama za rangi ya njano, moja kwa kila ghorofa. Alama ya ghorofa ya chini ikifika ukingoni mwa mashine, mtoto yuko mlangoni. Ilikuwa bado mbali, kama urefu wa meza.

Akauinua, breki ikaachia, akaukandamiza chini, ikashika. *Pap.* Kamba ikasogea kiganja kimoja.

"Chura!" ikapanda sauti.

*Pap.* Kiganja kingine. *Pap.*

Mara ya nne mikono ilikuwa na grisi, ikateleza. Breki ikabaki wazi. Gurudumu likazunguka, kamba ikakimbia mbele ya macho yake inavuma, akautupa mwili wake mzima juu ya chuma. Breki ikauma. Kule chini kikasikika kishindo, na yowe moja fupi.

Halafu kimya.

"Mwanangu?"

Mvua ikapiga bati.

"Bi Swali! Niulize kitu!" Alikuwa amelala kifudifudi, shavu kwenye mafuta. "Niulize chochote! Niulize!"

Koplo alikuwa anasema maneno kwenye simu, yeye hayasikii. Akahesabu pumzi zake mwenyewe, moja, mbili, tatu.

"Baba," ikasema sauti, sasa imekasirika, "chura kaanguka?"

Fundi akacheka na kulia kwa wakati mmoja, na hakujua kipi ni kipi. "Kaanguka kidogo. Umeumia?"

"Kofia imeniziba macho. Lakini giza ni lile lile."

Akaangalia alama. Ilikuwa imepita ukingo kwa upana wa vidole viwili. "Koplo! Unaona nini kwenye ufa wa mlango?"

"Ngoja nimulike... Naona kiatu chekundu, Fundi. Naona kiatu!"

Akafunga breki, akaijaribu mara mbili, akachomoa ufunguo wa milango mfukoni, akakimbia. Ngazi za ghorofa tisa alizipita bila kuziona. Kwenye saba mama yule akatoa kichwa. "Fundi, mbona lifti..." Akampita. Kwenye tatu aliteleza, akashuka hatua sita kwa makalio, akainuka anakimbia.

Ufunguo ukakataa tundu mara mbili. Koplo akamshikia tochi. Mlango ukafunguka.

Bi Swali alikuwa amekaa sakafuni, ameshika magoti vile vile alivyoambiwa, kofia mpaka puani. Akaisukuma juu. Hakumkimbilia mtu. Aliwatazama wote wawili kama hakimu.

"Nani alizima taa?"

Koplo akawahi. "Umeme ulikatika, mjukuu wangu. Si unaiona mvua hii!" Na akamkonyeza Fundi, jicho la kuombana: na mimi nilitoka kwenda getini, yaishe.

Lingekuwa jibu rahisi. Lilikuwa limeshawekwa mezani, la kuchukua tu.

Fundi akakaa chini kwenye kizingiti cha lifti. "Ni mimi, mwanangu. Mimi ndiye niliyezima."

"Kwa nini?"

"Niliogopa."

"Wewe ulikuwa gizani?"

"Hapana."

"Mimi ndiye nilikuwa gizani. Wewe uliogopa nini?"

"Kitufe cha chini kabisa, hapa si nyumbani. Hapa kuna maji."

Bi Swali akafikiri. "Hukuniambia."

"Sikukuambia. Nilikosea."

Koplo akageuka upande, akajifanya anapangusa tochi. Bi Swali akasimama, akaruka ile hatua ndogo ya lifti kwa miguu miwili, akampita baba yake akaenda kukaa kwenye kiti cha mlinzi. Hakutaka kubebwa. Fundi akabaki pale sakafuni, nguo zinachuruzika, mpaka sauti ikamfuata.

"Baba. Mama tutamwambia?"

"Tutamwambia."

"Atasema nani?"

"Mimi."

"Basi sema polepole," akasema Bi Swali. "Asije akaogopa na yeye, akazima taa."