Kigunia chenye Matundu Mawili

Kingori alikuwa mtu wa Japani hivi na Japani vile, na mwaka ule wa sabini na nane ukitaka kumchosha mtu wa Nyeri, mkalishe na Kingori. Alikuwa amepelekwa kule miezi sita, kwenye mji mmoja wa milimani, kujifunza kazi katika jumba lao la historia, akarudi na maneno mengi kuliko mizigo. Ati kule mgeni akiingia anapewa kabati dogo lenye ufunguo aweke mwavuli na kapu lake. Ati kuna chumba cha kupumzikia na chai ya bure, chai ya kijani, haina maziwa wala sukari. Hapo watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Chai bila maziwa si chai, walisema, ni maji ya kusuuzia sufuria.

Waache wacheke. Alipopewa ghala kuukuu la mahindi nyuma ya soko, Kingori aliligeuza jumba la historia na akalipanga kama alivyoona kule. Mlangoni aliweka rafu za mizigo, maana mama aliyetoka sokoni na kiondo cha viazi hawezi kutazama kitu kwa raha. Akajenga choo safi. Chini ya dirisha linalotazama mlima aliweka benchi, na hapo Huseni wa Majengo, mzee aliyewahi kuuza chai stendi, aliwamiminia wageni chai ya maziwa bila kuwadai senti. Vyumba vya maonyesho vilikuwa vitatu: cha kilimo, cha vyombo vya nyumbani, na cha tatu juu ya mlango kiliandikwa "Miaka ya Hali ya Hatari." Hicho kilikuwa karibu kitupu. Watu walileta majembe, vibuyu na mizinga, lakini vya miaka ile hawakuleta. Kingori naye hakuwasukuma, na sababu utaijua sasa hivi.

Kulikuwa na mambo mawili aliyojivunia kuliko yote. La kwanza ni kona ya kuvaa. Kule Japani aliona wageni wakivishwa makoti ya mvua ya majani ya mpunga ili wayasikie mabegani, basi hapa akaweka vazi la ngozi ya mbuzi na mkanda wa kubebea kuni, na wasichana wa shule wakawa wanapanga foleni. La pili ni kadi. Kila kitu kilikuwa na kadi yenye jina la aliyekitoa, jina la aliyekitumia, na maneno ya mtoaji yaliyoandikwa vilevile alivyoyasema. Kule aliwahi kusimama mbele ya mundu wa mkulima mmoja marehemu, akatafsiriwa kadi yake, akalia. Wenyeji wake walidhani amekumbuka nyumbani.

Ndipo asubuhi moja ya Julai, baridi ya kukata masikio, akaingia Ngendo kutoka Wamagana.

Kingori alimjua hata kabla hajafunua shuka kichwani, na moyo ukampasuka. Ngendo pia alimjua, lakini kwa mema: huyu ni kijana wa jirani yake Kihara, aliyesoma akavuka bahari. Alimsalimu kwa fahari kabisa, kama aliyemzaa mwenyewe. Huseni alipotaka kumpokea mzigo auweke kwenye rafu alikataa, akaupakata mpaka kwenye meza ya kadi, akaufungua.

Lilikuwa gunia la kahawa, jeusi kwa moshi wa miaka ishirini na minne juu ya jiko, na upande mmoja lilikuwa na matundu mawili.

Wewe uliyezaliwa baada ya uhuru nitakueleza, maana nyumbani hawatakueleza. Siku zile za Hali ya Hatari askari wa mkoloni walikusanya kijiji kizima uwanjani, wakaleta mtu aliyefunikwa gunia mpaka kiunoni. Tulimwita gakunia, kigunia. Wanakijiji walipitishwa mbele yake mmoja mmoja, na akiinamisha kichwa, basi huyo amekula kiapo cha wapiganaji wa msituni, anapandishwa lori kwenda kambi ya kizuizini. Nani yumo ndani ya gunia, hakuna aliyejua. Mutahi, mume wa Ngendo, fundi wa kuezeka nyumba, alipita pale na kichwa kikainama. Alifia kambini kabla hajamwona mtoto wake akitembea. Malori yalipoondoka gunia lilibaki limenasa kwenye ua wa miba, na Ngendo akalichukua.

Aliyekuwa ndani ni Kingori. Haya, sasa unajua. Alikuwa na miaka kumi na tisa, amekamatwa bila pasi ya kutembea, akaambiwa aonyeshe watu kumi la sivyo apande lori yeye. Alionyesha tisa. Wengine walikuwa wamekula kiapo kweli, wengine Mungu ndiye ajuaye. Mstari ulikuwa unakaribia kwisha na wa kumi hajapatikana, akaja Mutahi, ambaye hakuwa amekula kitu ila githeri ya mke wake, githeri ambayo Kingori mwenyewe alikuwa ameila juma lililopita, kwenye kiti cha Mutahi. Kingori alimwona waziwazi, na akainamisha kichwa. Woga wa kijana, utasema. Sawa, ulikuwa woga. Lakini fundi alikufa, na Kingori hajapata kuomba sala moja tangu siku ile bila sura hiyo kuja kusimama mbele yake.

Basi akashika kalamu, afanye nini. Akaandika mtoaji: Ngendo wa Mutahi, Wamagana. Alipofika kwenye aliyekitumia, mkono ukagoma. Ngendo akamwambia aandike hajulikani, akaandika. Halafu akamwambia ana maneno yake ya kuandikwa, kwa sababu amesikia kwamba hapa maneno ya mtu hayageuzwi.

"Andika hivi," alisema. "Aliyekuwa humu alikosea. Matundu ni madogo, hakuona vizuri, alimdhania Mutahi mtu mwingine. Mimi nilimsamehe zamani."

Akaeleza kwamba miaka ya kwanza alitamani kumla ini mtu yule, mpaka maziwa yakataka kumkauka na mtoto yuko kifuani. Ndipo siku moja alipolitazama gunia akajiuliza, kwa vitundu hivi nani angeweza kumtambua mtu? Siku hiyo akapata usingizi. Mtoto akalelewa, akasomeshwa, sasa ana watoto wake, na yote hayo yalisimama juu ya neno hilo moja, kwamba yule mtu alikosea.

Kingori aliandika maneno yale ya kadi. Akayatazama. Msamaha ulikuwa pale mezani, umeshaandikwa kwa wino, umekosa jina tu. Jamani, mwenye kiu ya miaka ishirini na minne akiwekewa maji mbele yake!

"Ni mimi, mama," alisema. "Niliyekuwa ndani ni mimi."

Huseni alileta chai, akaona nyuso zao, akaiweka chini na kuondoka taratibu. Ngendo alimsogelea mwana wa Kihara. Akamuuliza, na aliuliza kama mtu anayeomba.

"Hukuona vizuri, sivyo?"

Hapo ndipo angesema kweli, mwanamume yule. Ulimi haukumruhusu.

"Sikuona vizuri, mama. Ni matundu."

Akalia. Machozi yalikuwa ya kweli, neno ndilo lilikuwa la uongo. Ngendo akamwekea mkono kichwani, akasema basi, yamekwisha, ni mipango ya Mungu. Na Kingori, aibu imshike popote alipo, alijisikia mwepesi mpaka akahisi njaa.

Ngendo aliinuka aende zake. Lakini Huseni ni mtu wa mji, hawezi kumwacha mgeni aondoke bila kutembezwa, akampitisha vyumbani. Kwenye kona ya kuvaa wasichana wawili walikuwa wamejifunga ngozi wakichekana. Ngendo aliuliza wanafanya nini. Huseni, maskini, bila kosa lolote, akamwambia hii ni akili ya Bwana Kingori, kwamba ukitaka kujua mwenye kitu alijisikiaje, kivae.

Ngendo aliwatazama wale wasichana. Kisha akageuka, akarudi mezani.

Kingori alipoona mkono wake umeshika gunia aliruka. Akasema lina vumbi, litamchafua, tena kitu kikishapokelewa hakivaliwi. Maneno yalikuwa bado yanamtoka wakati gunia linashuka kichwani mwa mama yule, likapita mabega, likafika kiunoni. Kile kichwa kikageukia dirisha. Kikageukia Huseni mlangoni. Kikarudi kwa Kingori, kikatulia.

"Mlima unaonekana," sauti ilisema ndani. "Huseni amekosa jino la mbele. Wewe kifungo chako cha pili kimeshonwa kwa uzi mweusi."

Kingori akasema matundu yamepanuka, gunia limechakaa, miaka ni mingi. Hata masikio yake mwenyewe hayakumwamini.

"Na Mutahi alisimama karibu kuliko wewe," Ngendo alisema.

Akalivua. Masizi yalikuwa yamemjaa kwenye nywele na hakuyapangusa. Hakulia wala hakupaza sauti. Aliomba asomewe kadi, Kingori akasoma mpaka mwisho. Akamwambia aandike jina lake pale palipokuwa na hajulikani, akaandika. Akamwambia akate aliyekuwa humu alikosea, akate hakuona vizuri, akate na matundu na mtu mwingine, akakata. Likabaki lile neno la kusamehe, peke yake chini ya kadi, na kalamu ya Kingori ikasimama juu yake.

"Na hili, mama?"

Ngendo alikuwa anajifunga shuka.

"Hilo lilikuwa la mtu ambaye hakuona," alisema, akatoka.