Tangazo la Gundi ya Uji

"KWA WANANCHI WOTE WA MTAA WA UMOJA, wenye nyumba na wasio na nyumba, wake kwa waume! Klabu ya Hisani, katika kikao chake kitukufu, imeazimia kwa kauli moja kwamba kuanzia leo kila mwanachama atapokea nyumbani mwake familia moja kati ya zile saba zinazolala kwenye varanda ya maduka, mpaka vyumba vyao vikamilike. Na familia hizo ndizo zitakazoingia vyumbani. Azimio limegongewa kengele."

Chini yake palikuwa na muhuri wa mviringo, wino wa zambarau, umegongwa mara mbili kwa msisitizo.

Kikao hicho kitukufu hakikuwahi kufanyika. Kauli ilikuwa moja kweli, kwa sababu ilikuwa yangu peke yangu. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nimeketi kwa bukta juu ya sanduku langu la shule, taipureta ya klabu magotini.

Ilikuwa Agosti 1993, likizo. Nilikuwa nimerudi kutoka shule ya bweni ya Ukambani nikiwa na Kiingereza kingi, njaa nyingi, na dharau kwa kila mtu mzima aliyevaa tai. Babangu, Mzee Maingi, dereva wa lori la mikate, alikuwa katibu wa klabu, ndiyo maana taipureta na muhuri vilikaa chini ya kitanda chake. Mwenyekiti alikuwa Bwana Mbaluka, karani aliyetembea kama mtu aliyebeba yai kichwani. Kila Jumamosi ya pili walikutana katika darasa la shule ya msingi, wakanywa chai, wakahurumia.

Kusema haki, walihurumia kwa bidii. Mabanda ya ng'ambo ya barabara yalipoungua, klabu iliomba kiwanja cha kuwajengea vyumba waliounguliwa ikapewa, ikaomba mabati ikapewa. Kisha mabati yakakaa miaka miwili uani kwa Bwana Mbaluka, kuku wakiyatagia chini, huku kamati ndogo ikijadili kama milango ya vyumba ipakwe buluu au kijani.

Tena walikuwa na kengele. Kengele ya shaba, kubwa kama kikombe cha chai, na sheria moja waliyoiheshimu kuliko katiba: neno likishagongewa kengele halirudi mezani. Aliyekosa mkutano hakuuliza. Alitii. Kengele hiyo ninayo leo; inazuia mlango wangu usijifunge kwa upepo. Pale palipokuwa na kiwanja pamesimama ghorofa sita, nguo zimeanikwa kila roshani, na hakuna mpangaji anayejua kwamba tuliwahi kubishana pale juu ya rangi.

Nililipeleka tangazo asubuhi ya Jumamosi nilipotumwa maziwa, jua likiwa bado linajinyoosha. Kwa uvivu wa kukoroga gundi nilichota uji jikoni, uji wa mamangu wenye sukari, nikautia kwenye mkebe. Varandani walikuwa wamelala wamejifunika magunia. Niliwaruka mmoja mmoja kama mtu anayeruka madimbwi, nikabandika karatasi kwenye ubao wa matangazo, chini kabisa, maana juu palijaa waganga na vyumba vya kupangisha. Kisha nikaenda zangu nikicheka peke yangu.

Mzaha wenyewe ulikuwa mfupi: Bwana Mbaluka alisome, apandwe na hasira, alirarue mbele ya watu. Hapo ndipo nilipotarajia kucheka mara ya pili.

Kufikia saa nne, kina mama wa kanisa walikuwa wamemzunguka mwenyekiti pale ubaoni wanampa mkono. Kona moja ya karatasi ilikuwa imekwisha toweka, watu wakamlaumu mbuzi wa jirani. Bwana Mbaluka alisoma, akasoma tena, akatoa miwani akaifuta. Mzee Aweys, muuza vitambaa wa jumla, mwanachama mzee kuliko wote, akamshika bega.

"Mashallah, Mwenyekiti. Mimi nimechukua familia mbili. Nyumba yangu ina vyumba vitupu tangu watoto waolewe."

Mwenyekiti alimtazama babangu. Babangu alimtazama mwenyekiti. Mkutano uliopita mmoja alikuwa ameondoka mapema kwenda matangani, na mwingine alikuwa amechelewa kwa pancha. Kila mmoja aliamini azimio lilipita akiwa hayupo, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema hajui.

"Ndiyo," Bwana Mbaluka akasema. "Tuliazimia."

Sisi tulipata Selpher na bintiye Amolo, wa miaka minne. Wao walipata kitanda changu. Mimi nilipata kochi, fupi kuliko mimi kwa futi nzima.

"Mathe, mbona mimi?" nikalalamika.

"Kwa sababu wewe una miguu ya kukunja," Mama akajibu. "Na jua kuna mtu alinipunguzia uji Jumamosi. Nikimjua!"

Selpher alishona mikanda ya ngozi ya vyondo, vile vikapu vya kusukwa, na kuipeleka soko la Kariokor. Jioni alikaa mlangoni na sindano yake nene, mamangu akimenya viazi kando yake, wakicheka mambo ambayo yalinyamaza nikikaribia. Nyumba ikanukia ngozi na samaki wa kukaanga. Amolo alinifuata kila mahali akiniita Kyule bila heshima yoyote. Alikuwa na tabia ya kulala na viatu miguuni. Mama alimvua kila siku, na kila asubuhi tulimkuta amevivaa tena.

Nikaanza kuogopa. Siri yangu ilikuwa imeota watu. Ikijulikana, Selpher angekunja gunia lake arudi varandani, na Amolo na viatu vyake.

Kumbe klabu nayo ilikuwa na haraka zake. Bwana Mbaluka alikuwa amepewa ajuza aliyeimba tenzi tangu alfajiri, ubeti kwa ubeti, bila kuruka hata mmoja. Wiki ya kwanza haikuisha kabla kuku hawajahamishwa. Kamati ndogo ilikutana dakika tano ikaamua: rangi yoyote. Nilimwona mwenyekiti mwenyewe juu ya paa, tai begani, misumari mdomoni. Miaka miwili ya huruma haikufanya kilichofanywa na wiki tatu za foleni ya bafu.

Siku ya kufungua, vyumba saba vilisimama vikimetameta, milango minne buluu, mitatu kijani. Kabla ya kukabidhi funguo, Wanyoike wa bucha, mwanachama pia, akainuka. Yeye alikuwa amemwahidi shemeji yake chumba.

"Bwana Katibu, tusomee hilo azimio. Lilitolewa na nani?"

Babangu akafungua daftari. Akafungua kurasa mbele, akafungua nyuma.

"Silioni," akasema kwa sauti ndogo.

"Basi halipo! Na kama halipo, hata orodha ya watakaoingia haipo. Tuanze upya, kila mtu alete majina."

Selpher alikuwa mstari wa mbele, Amolo mapajani, magunia yamefungwa tayari. Alinitazama mara moja tu, kisha akatazama viatu vya mtoto.

Bwana Mbaluka alisimama akitazama ile milango. Kidole gumba chake kilikuwa na bendeji, ukumbusho wa nyundo. Polepole akachukua kengele, akaigonga hata wanawake wakaziba masikio.

"Sasa lipo," akasema. "Andika, Maingi."

Nikajua nimenusurika.

Kesho yake nilikuwa nikipanga sanduku la shule Selpher alipoingia na mkanda mpya wa ngozi.

"Kufuli yako imechoka. Funga na huu." Akanisaidia kuuzungusha. "Na Kyule, siku nyingine ukibandika matangazo, tumia unga na maji tu."

"Uliniona?"

"Ulinikanyaga kidole. Ukaomba radhi kwa Kiingereza." Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Ulipoondoka, Amolo aliamka akaramba karatasi. Akala kona nzima. Hakuwa ametia kitu tumboni tangu juzi yake. Akaniambia, Mama, ukuta una sukari."

Nilishika ncha ya mkanda nisijue niipitishe wapi. Nilipoinua macho, babangu alikuwa mlangoni, daftari la klabu kwapani, na nyuma yake mamangu na mwiko.

"Uji upi huo?" Mama akauliza.

Shule ya bweni ilikuwa imenifundisha aina kumi na mbili za uongo. Niliziita zote. Hakuna hata moja iliyoitika.

"Ni uji wetu, Mama," nikasema. "Ni mimi."