Filamu ya Kung'oa Jino

Utafiti ule haukuthibitisha kitu. Wanaume wanaowachukia mashoga walikalishwa kitini, nyaya zikafungwa vidoleni kupima jasho, wakaonyeshwa filamu ya wanaume wawili wakikumbatiana. Jasho likapanda. Profesa, mama wa makamo, akatangaza kwamba chuki yao ni tamaa waliyoificha, na magazeti yakaidaka habari hiyo kwa mikono miwili.

Aliyefunga nyaya hizo alikuwa msaidizi wake, mwanamke asiyejua kumung'unya maneno. Asubuhi moja alibonyeza filamu isiyo yenyewe: daktari wa meno aking'oa gego. Mtu wa kitini akakunja uso, na mstari kwenye skrini ukapanda vilevile. Msaidizi akashtuka. Mbona hawakuwahi kuwaonyesha kitu kingine cha kukirihisha? Akawaita tena wale wanaume, akawaonyesha jino. Jasho la wote likapanda.

Akamfuata profesa ofisini.

“Kwa hiyo mama, hawa wote wanatamani kung'olewa meno?”

Profesa hakucheka. “Mwanangu, mdogo wako mwenyewe ni shoga. Unataka kuwapa silaha wanaomtukana?”

“Hofu inatoa jasho. Kinyaa kinatoa jasho. Aibu pia. Sisi tulichagua tulichokipenda.”

“Ukiyaandikia magazeti barua ya kukanusha, kazi hapa usahau.”

Jioni akapita kwa mdogo wake, kinyozi, akamweleza yote. Kinyozi akabaki na kitana mkononi.

“Dada, umeniponza. Yule mteja wangu fundi magari akianza matusi yake namwambia, soma gazeti, wewe ndiye shoga mwenyewe. Anafyata mkia.”

“Si ahamie kwa kinyozi mwingine?”

“Na kichwa chake kile chenye mabonde? Nani atakiweza?” Akacheka kidogo, kisha akaacha. “Sasa nimjibu nini?”

“Mwambie anakosea.”

“Basi?”

“Basi. Hilo halihitaji mashine. Unamfunga mdomo kwa kumwita shoga, kana kwamba ni tusi. Ndilo tusi lilelile analokutukana wewe.”

Kinyozi alikung'uta shuka la wateja muda mrefu, ingawa halikuwa na unywele hata mmoja.

“Haya, andika. Ila Jumamosi akija, uje ukae hapa usikie.”

“Nitakuja.”

Aliandika, akatia saini, akapeleka barua gazetini kwa mkono wake mwenyewe. Kabla ya Jumamosi alikuwa ameshamwaga unga. Profesa alimpita kwenye korido kama anayepita nguzo.

Jumamosi alikaa kwenye benchi la ukutani. Fundi magari alitukana tangu kisogoni hadi kidevuni, na wateja wengine wakachekelea. Kinyozi alisema mara moja tu, “Unakosea,” akaendelea kunyoa. Yule mtu hakunyamaza.

Hivyo ndivyo vitu vilivyopotea kwa barua ile: kazi, mwanamke aliyekuwa akimwita mwanangu, na jibu pekee lililowahi kumnyamazisha fundi magari.